Kuzima Taa Si Kuondoa Kasoro: Funzo la Gereji kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Mwanza hupita Manyoni na Singida mjini, na kandokando yake zimo gereji nyingi. Kwa hiyo mwalimu wa mkoa huu hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kuwafundishia watoto namna ya kutafuta chanzo cha jambo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mfumo wa elektroniki wa kupulizia mafuta unavyofanya kazi, jinsi kasoro zake zinavyotafutwa, na jinsi ya kulitumia funzo hilo darasani.

Injini ya petroli huhitaji hewa na mafuta kwa kadiri maalumu, yaani takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Zamani kazi ya kuvichanganya ilikuwa ya kabureta. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa elektroniki uliofungwa katika gari la Volkswagen 1600, na leo mifumo ya jinsi hiyo imeenea kote.

Mfumo huo una sehemu tatu. Kwanza ni sensa, ambazo hupima hewa inayoingia, joto la injini na oksijeni iliyobaki katika moshi. Pili ni kompyuta, ambayo hupokea vipimo hivyo na kukokotoa mafuta yanayotakiwa. Tatu ni pampu na nozeli, ambazo huyaleta na kuyapulizia mafuta hayo.

Yafaa ikumbukwe kwamba kompyuta haiioni injini. Huamini kile inachoambiwa. Mathalani, mpira wa hewa ukipasuka mbele ya sensa, upande wa injini, huingia hewa ambayo haikupimwa. Mafuta yatapungua, injini itatetemeka, taa ya onyo itawaka, na namba ya kasoro, kama vile P0171, itahifadhiwa. Namba hiyo husema tu kwamba mafuta ni machache kuliko hewa. Haisemi kwamba mpira umepasuka, kwani pampu dhaifu au chujio la mafuta lililoziba huweza kuleta namba ile ile. Namba ni dalili, wala si chanzo.

Fundi mwenye haraka huchomoa waya wa hasi wa betri kwa dakika kadhaa. Katika magari mengi kumbukumbu hufutika na taa huzimika. Mwenye gari hulipa na kuondoka kwa furaha, lakini kabla hajafika mbali taa huwaka tena. Hasara ni mbili: kasoro ingalipo, na ushahidi wake umefutwa. Fundi mwangalifu huandika namba kwanza, huorodhesha vyanzo vinavyowezekana, kisha huanza na vile vilivyo rahisi kukaguliwa: mipira, viunganishi vya nyaya, chujio. Hupima kimoja kimoja. Akiisha kutengeneza ndipo hufuta kumbukumbu na kuliendesha gari kuhakikisha kwamba taa hairudi.

Somo hili laweza kufundishwa kwa tochi. Mwalimu aweke kipande cha karatasi kati ya betri na chuma, kisha awape wanafunzi tochi isiyowaka. Kila kikundi kiandike vyanzo vinavyowezekana kabla ya kuifungua, kisha kijaribu kimoja baada ya kingine na kuandika matokeo. Ziara ya gereji ifuate baadaye. Wanafunzi watazame tu, wasiguse, kwani petroli ni hatari.

Hata hivyo, funzo hili latuhusu sisi walimu kwanza. Mwanafunzi aandikapo 52 − 27 = 35, nasi tukaweka mkasi mwekundu na kumwandikia 25, tumezima taa. Kesho ataandika 61 − 38 = 37. Tukichunguza tutaona kwamba hakubahatisha: katika kila safu ametoa tarakimu ndogo katika kubwa. Amefuata kanuni kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe aliielewa vibaya. Dawa yake ni kumrudisha kwenye mafungu ya vijiti, afungue fungu moja la kumi na kuona kwa macho yake maana ya kukopa.

Basi, kabla ya kulifuta jibu la mtoto, hapana budi tumwulize amelipataje. Jibu lake lililokosewa ndiyo namba yetu ya kasoro.