Meno ya Mtu Asiyekula Nyama, Samaki, Mayai wala Maziwa

Wapo watu ambao, kwa sababu ya imani, afya au huruma kwa viumbe, hawali chochote kitokanacho na mnyama. Katika Afrika Mashariki, miongoni mwao wamo baadhi ya Waadventista Wasabato na Marastafari. Mtu wa namna hii akifika kliniki na jino lililotoboka, ni rahisi kumwambia kwamba amekosa maziwa. Jibu hilo aghalabu si sahihi, nalo lina madhara mawili: mgonjwa huona mlo wake umelaumiwa na huenda asirudi tena, na mhudumu huacha kutafuta upungufu ulio wa kweli.

Jino lililokwisha kuota halijengwi upya na mwili kama mfupa. Gamba lake la nje, yaani enameli, hulindwa na mate. Bakteria walio katika utando unaoganda juu ya meno hula sukari na kutoa asidi. Kipimo cha pH kinaposhuka chini ya takriban 5.5, madini huanza kuyeyuka kutoka kwenye enameli. Mate huhitaji nusu saa hivi, au zaidi, kurudisha hali ya kawaida. Kwa hiyo mwenye kunywa juisi ya miwa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi adhuhuri hudhurika kuliko mwenye kunywa kiasi kilekile pamoja na chakula. Tende, kashata na matunda yaliyokaushwa hunata katika mifereji ya magego. Kwamba sukari imetoka kwenye mmea hakuipunguzii makali. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa katika vyakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku.

Asidi ya chakula chenyewe nayo hula enameli, hata pasipo bakteria. Ukwaju, ndimu, ubuyu na embe bichi havikatazwi, ila havifai kumumunywa kutwa nzima. Baada ya kuvila, inafaa kusukutua kwa maji na kungoja nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa enameli iliyolainika husuguliwa upesi.

Kalisi huhitajika kwa mifupa ya taya inayoshika meno, na kwa meno ya mtoto yanayoumbika. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku. Mchicha una kalisi nyingi, lakini una pia oksaleti, ambayo huifunga kalisi isifyonzwe vizuri. Kalisi ya sukuma wiki hufyonzwa kwa urahisi zaidi. Ulezi una zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za nafaka kavu, na kuuloweka au kuuchachusha kabla ya kupika uji huongeza ufyonzwaji wake. Ufuta nao ni chanzo kizuri, hasa ukisagwa.

Upungufu unaopaswa kuogopwa zaidi ni wa vitamini B12. Hakuna mmea unaoaminika kuitoa ya kutosha, na spirulina haiwezi kuwa badala yake. Ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, hivyo mgonjwa hujiona mzima kwa muda mrefu. Mara nyingine dalili huonekana kinywani: ulimi mwekundu, laini, unaowaka, vidonda vinavyorudi, pembe za mdomo zilizochanika. Anayeziona dalili hizi kwa mlaji wa mimea pekee asiishie kutoa dawa ya kupaka. Aulize kuhusu ganzi ya miguu na mikono, na aagize vipimo. Mlo wenye foleti nyingi unaweza kuficha upungufu wa damu, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, pengine pasipo kurejea. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, kutoka katika vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo. Kwa mjamzito na anayenyonyesha jambo hili halina hiari, kwani mtoto hutegemea akiba ya mama.

Katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara kuna jambo la ziada. Kunde, maharage na makande huwekwa magadi ili yaive upesi, na baadhi ya magadi yana floraidi nyingi, kama yalivyo baadhi ya maji ya huko. Familia inayotegemea jamii ya kunde kila siku huweza kumpa mtoto floraidi kupita kiasi. Mpaka umri wa miaka 8 hivi, enameli ya meno ya kudumu bado inaumbika, na doa la kahawia linaloingia wakati huo halisuguliki. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Kuloweka maharage usiku kucha huondoa haja ya magadi.

Hata hivyo, dawa ya meno yenye floraidi isiachwe. Kipimo cha sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, mara mbili kwa siku, ndicho kinga iliyothibitika. Mtu mzima ateme povu bila kusukutua. Mtoto wa chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, akisimamiwa asimeze. Anayechelea gliserini ya mnyama atafute dawa yenye gliserini ya mimea. Mkaa na majivu si badala yake, kwani hukwaruza enameli.

Basi mhudumu anapompokea mgonjwa huyu, amuulize mambo matatu: kwa siku anakula au kunywa kitu kitamu mara ngapi, vitamini B12 anaipata wapi, na je, nyumbani yupo mjamzito au mtoto mdogo anayekula chungu kimoja naye. Majibu yake yataonyesha pa kuanzia tiba, naye hatalazimika kuacha mlo aliouchagua.