Shule ya Fundi Simu

Ufundi wa simu ni kazi ya kisasa ambayo wengi wameijulia mtaani. Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, anayetaka kujifunza huanza kwa kukaa kando ya fundi, kushika bisibisi na kutazama. Kwanza hufundishwa kufungua na kufunga, kisha kubadilisha kioo, betri na sehemu ya kuchajia. Bodi huja baadaye, na hapo ndipo mdadisi na mwenye haraka huachana.

Chukua simu iliyozima kabisa. Mwenye haraka hubadilisha betri na kuomba Mungu. Mdadisi hushika mita na kuipima betri kwanza. Ya lithiamu ikijaa huonyesha karibu volti 4.2. Ikiwa nzima, hugeukia bodi kutafuta shoti. Hata akiipata njia yenye shoti, bado hajui mkosaji ni kipi kati ya vipande vingi, vingine visivyofika hata milimita moja. Hupaka spiriti kiasi juu ya bodi, huingiza umeme wa volti ndogo kwenye njia ile, kisha hukodoa macho. Kipande kibovu, mara nyingi kapasita, hupata moto, na spiriti iliyo juu yake hukauka kabla ya kwingine.

Hakuna uganga hapo. Georg Ohm alieleza uhusiano wa volti, mkondo na ukinzani mwaka 1827, na James Joule akaonyesha mwaka 1841 jinsi mkondo unavyozaa joto. Wanafunzi wa sekondari huyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Fundi huyahitaji kila siku, hata kama majina ya wenyewe hajawahi kuyasikia.

YouTube nayo imekuwa mwalimu. Video ikiwa ya Kihindi au Kichina, mikono inaonekana na hiyo hutosha kwa mengi. Lakini video huonyesha ubovu wa simu ile moja tu. Anayeiga bila kupima huishia kuunguza bodi ya mteja.

Kikwazo kipya ni gundi. Kiswaswadu, yaani simu ya vitufe, kilifunguliwa kwa ukucha na betri ikatoka. Simu janja nyingi sharti zipashwe moto ndipo mfuniko uachie. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 inayotaka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vingi vidogo vinavyouzwa huko ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Ni hatua nzuri, ingawa imechelewa.

Ujuzi wa mtaani nao unaweza kutambuliwa rasmi. Nchini Tanzania, VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima mafundi wa fani mbalimbali waliojifunzia kazini na kurasimisha ujuzi wao. Kwa aliyesomea kwenye benchi la mtaani, njia hiyo humpa cheti bila kumrudisha darasani kuanza upya.