Mtu Mzima Ajifunzapo Kuogelea Upya

Wengi wetu tuliozaliwa karibu na maji twadhani kuogelea ni jambo la kurithi, kama kimo na sura. Mtoto hutupwa majini na kaka zake, akanywa funda mbili tatu za maji ya chumvi, akapiga miguu, akaibuka. Na tangu siku ile huhesabiwa mwogeleaji. Nasi tulihesabiwa hivyo. Miaka ikapita, tukaoa, tukalea, tukaketi ofisini, wala hapana aliyepata kutuuliza twaogelea namna gani. Hata siku moja mwanetu akataka tumfundishe, tukaingia naye katika bwawa la kuogelea lenye urefu wa mita 25. Upande wa pili tulifika, lakini tulifika tukihema kama mtu aliyefukuzwa na ng'ombe dume, na kijana akitutazama kwa huruma.

Tulicheka, lakini usiku ule hatukulala vyema. Twaishi katika nchi za visiwa na maziwa, na twasafiri kwa vyombo. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011 ilizama Spice Islander ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati ya Ukara, wakafa watu 228. Hatusemi kwamba wote wale wangeokoka lau wangalijua kuogelea. Chombo kikipinduka, hata hodari hunaswa ndani yake. Lakini Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni katika mwaka 2021, na wengi wa watu kama hao hawafi katika ajali kubwa zitangazwazo redioni, bali mmoja mmoja, ziwani, mtoni na kisimani. Basi tulijiuliza: ikiwa mita 25 za maji matulivu zatumaliza pumzi, mwana wetu akielemewa tutamfikia?

Ndipo tukajiandikisha katika masomo ya watu wazima, mara mbili kwa juma. Rafiki zetu walitutania sana. Yasimuliwa kwamba Sayyidna Omar aliwahimiza wazazi kuwafundisha watoto wao kuogelea. Basi tuliwajibu watani wetu kwamba mwenye kuamrishwa kufundisha hana budi kujua kwanza.

Twalitarajia mwalimu atatuamuru tuvuke bwawa mara kumi. Hakufanya hivyo. Alitwambia tulale kifudifudi juu ya maji, tusifanye lolote. Miguu yetu ikazama. Akasema, "Bwana, wewe waogelea kama mtu apandaye ngazi." Kisha akatueleza sababu, nayo ni nyepesi. Mapafu yaliyojaa hewa huinua kifua. Miguu ni mizito, huvuta chini. Mtu aogopaye huinua kichwa atazame mbele, na kila kichwa kinapopanda, nyonga hushuka. Mwili ukilala mshazari huwa kama mlango unaosukumwa ndani ya maji, na maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Nguvu zote tulizokuwa tukizitumia zilikuwa za kuusukuma mlango ule. Dawa yake ni kutazama sakafu ya bwawa, shingo ikalegea, kifua kikaegemea maji. Na miguu huinuka yenyewe.

Huko Marekani alikuwako mwalimu, Terry Laughlin, aliyeanzisha mwaka 1989 mafunzo aliyoyaita Total Immersion, akawafundisha hasa watu wazima mpaka alipofariki mwaka 2017. Yeye alitanguliza mizani ya mwili kabla ya nguvu za mikono. Wako waalimu wasemao kwamba alipunguza mno kazi ya miguu, na kwa washindani wa mbio huenda wakawa na haki. Kwa sisi wenye matumbo na miaka yetu, twaona njia yake ndiyo ya rehema.

Lililotushinda zaidi lilikuwa pumzi. Tangu utotoni tulizoea kuibana tukiwa chini na kuitoa na kuivuta pamoja tukiwa juu, nafasi isiyotosha hata kidogo. Anayebana pumzi hubanwa kifua upesi, na si kwa kuwa oksijeni imekwisha, bali kwa kuwa hewa chafu imejaa. Mwalimu akatusimamisha ukutani majuma mawili tukipuliza mapovu kama watoto: kutoa pumzi polepole puani uso ukiwa majini, kisha kugeuza kichwa pamoja na bega, sikio moja likibaki ndani ya maji, na kuvuta kidogo tu.

Hapa twawaonya vijana. Wapo washindanao kukaa chini ya maji, na kabla ya kuzama huhema haraka haraka mara nyingi, wakidhani wanajaza akiba. Wanaloondoa ni ile hewa chafu inayomwamsha mtu ahisi haja ya kupumua. Oksijeni huweza kupungua kabla hajahisi lolote, akazimia kimya kimya chini ya maji. Mchezo huu na uachwe.

Habari za mikono hatutazirefusha: mkono huingia mbele ya bega, si mbele ya pua, kiwiko hubaki juu huku kiganja na kigasha vikirudisha maji nyuma. Tulipoanza tulivuka bwawa kwa mikono 31. Baada ya majuma sita ikawa 22, na hatukuhema.

Mama watoto alitaka naye kujifunza, nasi tuliona haya kukosa jibu. Wanawake wetu huzuiwa na mavazi na nyakati kuliko dini yenyewe. Tangu mwaka 2011 huko Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima. Na mwaka 2004, huko Australia, Aheda Zanetti, mwanamke Mwislamu mzaliwa wa Lebanon, alibuni vazi la kuogelea lisitirilo mwili na kichwa bila kunywa maji mengi yakamlemea mvaaji, kama lifanyavyo kanga au buibui. Hapa kwetu bwawa lilikubali kutenga saa moja ya asubuhi kwa wanawake, na mwalimu wao awe mwanamke, walipokwenda wanane kuomba pamoja. Alipokwenda mmoja peke yake aliambiwa haiwezekani.

Yeye hakuwa na mazoea mabaya ya kusahau, kwa kuwa hakuwa na mazoea yoyote. Mwezi wa tatu alielea chali akizungumza na jirani yake. Sasa huvuka bwawa akarudi, na juzi, alipotutazama siku ya familia, alitwambia kwamba kiwiko chetu cha kushoto bado kinaanguka.