Jinsi vishikwambi vinavyoweza kumfunza mtoto siri ya sifa za kurithi

MTOTO wa nyoka ni nyoka, husema Waswahili. Lakini mtoto mwenye ualbino anapozaliwa na wazazi wenye ngozi nyeusi, methali hiyo humgeukia mama. Majirani hunong'ona, na wapo wanawake walioachwa na waume zao kwa tuhuma za uzinzi.

Kumbe jawabu la fumbo hilo ni somo la sayansi ambalo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kulielewa, mradi aonyeshwe jinsi sifa zinavyopita kutoka kizazi kimoja hadi kingine.

Hapo ndipo teknolojia hufaa. Kuanzia mwaka 2016, serikali ilisambaza vishikwambi zaidi ya milioni moja katika shule za msingi za umma. Kifaa kama hicho kikitumiwa kama kitabu cha kusomea tu, faida yake ni ndogo. Ubora wake ni kwamba kinaweza kufupisha miaka ikawa dakika.

Gregor Mendel, mtawa aliyeishi Brno katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, hakuwa na kifaa hicho. Alipanda njegere, au minji, kwa takriban miaka minane kuanzia 1856. Alipochanganya mimea ya mbegu za mviringo na ya mbegu zilizokunjamana, kizazi cha kwanza kilitoa mbegu za mviringo pekee. Kizazi kilichofuata kilitoa mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani takriban tatu kwa moja. Mkunjo haukuwa umepotea; ulikuwa umejificha.

Sababu ni kwamba kiumbe hupokea jeni mbili kwa kila sifa ya aina hii, moja kutoka kwa kila mzazi. Jeni inayotawala huifunika ile dhaifu, lakini haiifuti.

Mwanafunzi anaweza kujionea hayo kwa kutumia programu ya sungura iliyotayarishwa na mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Programu hiyo haina malipo na inaweza kupakuliwa ili itumike bila intaneti. Mwanafunzi huanza na sungura weupe, akaingiza jeni dhaifu ya manyoya ya kahawia, kisha akatazama. Baada ya vizazi kadhaa, sungura wa kahawia huzaliwa na wazazi ambao wote wawili ni weupe.

Mwalimu akifika hapo, anaweza kueleza ualbino bila kumwaibisha yeyote. Wazazi wote wawili wakiwa na jeni hiyo iliyojificha, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kuleta mtoto mwenye ualbino. Ugonjwa wa selimundu, unaopatikana sana katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani, hurithiwa kwa njia iyo hiyo.

Hata hivyo, si kila zoezi linafaa. Walimu wengi hupenda kuwauliza watoto ni nani anayeweza kuukunja ulimi, kisha wakalinganisha na wazazi nyumbani. Mwanasayansi Alfred Sturtevant alidai mwaka 1940 kwamba kukunja ulimi ni sifa ya kurithi, na vitabu vikaishikilia kauli hiyo. Lakini mwaka 1952, uchunguzi wa jozi 33 za mapacha wa kufanana ulionyesha kwamba katika jozi saba, mmoja aliweza na mwenzake hakuweza. Sturtevant mwenyewe alikiri baadaye kwamba sifa hiyo hairithiwi kwa njia nyepesi aliyodhani.

Mtoto anayeukunja ulimi ilhali wazazi wake hawawezi anaweza kurudi nyumbani na swali litakalozua ugomvi bure. Aidha, darasani mna mayatima na watoto wanaolelewa na nyanya zao, ambao kuwataka walete picha za baba na mama ni kuwatonesha kidonda.

Ni heri wanafunzi watumie kamera ya kishikwambi kupiga picha za kuku na vifaranga vyake, mbuzi na wana wake, au gunzi la mahindi lenye punje za rangi mbalimbali, kisha wahesabu na kuchora jedwali. Watajifunza kanuni zile zile, na hakuna mama atakayeshukiwa.