Bei ya intaneti ya nyumbani hufuata njia, si mzigo

GUNIA la mahindi lililonunuliwa Songea haliuzwi kwa bei ile ile likifika Kariakoo, na hakuna mfanyabiashara anayeshangaa. Katikati kuna lori, mafuta, ushuru na dalali. Lakini mfanyabiashara huyo huyo akielezwa kuwa mkazi wa Paris alianza kulipa bei moja kwa mwezi na kupakua bila kikomo tangu mwaka 2002, wakati mkazi wa Sydney katika miaka hiyo hiyo alihesabiwa kila gigabaiti, huanza kutafuta mchawi. Nchi zote mbili ni tajiri na mitambo ni ya aina moja. Iweje bidhaa moja iuzwe kwa masharti mawili?

Jibu lipo katika kile hasa kinachouzwa. Kampuni ya intaneti haiuzi data kama muuza nafaka anavyouza kilo. Inanunua kwa jumla upana wa njia, unaopimwa kwa megabiti au gigabiti kwa sekunde, kisha inaugawa rejareja kwa kaya nyingi. Njia ikishalipiwa, gharama yake ni ile ile iwe imejaa au iko tupu. Upana usiotumika saa tisa usiku hauwezi kuwekwa ghalani ukauzwa saa mbili jioni. Ni sawa na kiti kitupu cha basi lililokwisha ondoka stendi.

Kwa sababu hiyo kikomo cha upakuaji hakionyeshi kuwa data imeadimika. Kinaonyesha ama kwamba njia ni nyembamba na inabidi igawanywe, ama kwamba mwenye njia hana mshindani wa kumtisha. Mwekezaji anayeshika hisa za kampuni ya mawasiliano anahitaji kujua ni ipi kati ya hizo mbili, kwani mapato yatokanayo na kila moja hayana umri sawa.

Umbali una bei

Australia ni mfano mzuri wa njia nyembamba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, sehemu kubwa ya yale waliyopakua wateja wake ilikuwa katika mitambo iliyoko Marekani. Mzigo ulivuka bahari ya Pasifiki kwa mikongo michache, ukiwamo wa Southern Cross uliofunguliwa mwaka 2000. Watoa huduma walilipa fedha nyingi kwa upana huo, na wakauza vifurushi vyenye kikomo cha gigabaiti.

Ushahidi kuwa tatizo lilikuwa njia na siyo mzigo ulionekana katika vifurushi vyenyewe. Kampuni ya iiNet ilikuwa na orodha ya huduma ambazo mteja alizipakua bila kuhesabiwa. Netflix ilipoingia Australia Machi 2015, iiNet na Optus zilitangaza kuwa filamu zake hazitakatwa katika kifurushi. Filamu ni mzigo mzito kuliko karibu kila kitu anachopakua mtu nyumbani, lakini Netflix huweka nakala za filamu zake katika mitambo iliyo karibu na wateja. Mzigo ulikuwa mkubwa, ila haukuwa na safari ndefu. Mikongo ilipoongezeka, ukiwamo wa PPC-1 kati ya Sydney na Guam uliofunguliwa mwaka 2009, vikomo vilipanda, na baadaye vifurushi visivyo na kikomo vikawa vya kawaida.

Afrika Mashariki imepita njia hiyo hiyo kwa uchungu zaidi. Hadi katikati ya mwaka 2009, pwani yote ya mashariki ilitegemea satelaiti zilizo umbali wa kilomita 36,000 hivi juu ya ardhi. Mkongo wa SEACOM ulifunguliwa Julai 2009, ukafuatiwa mwaka huo huo na TEAMS kutoka Mombasa hadi Fujairah, na EASSy mwaka 2010. Bei za jumla zikaanza kushuka. Uganda, Rwanda na Burundi, ambazo hazina bahari, zina gharama moja zaidi: upana wa njia hupita nchi kavu, Kenya au Tanzania, kabla ya kuufikia mkongo.

Umbali mwingine hutengenezwa na watu. Watoa huduma wa Kenya walipoanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano jijini Nairobi mwishoni mwa mwaka 2000, Telkom Kenya ilipinga kwa hoja ya haki yake ya kipekee, na mamlaka ikaamuru kifungwe. Hadi kiliporuhusiwa tena mwaka 2002, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi nyingine mtaa wa pili ingeweza kusafiri nje ya nchi na kurudi, na kila hatua ya safari hiyo ililipiwa kwa dola.

Mwenye waya wa mwisho

Umbali hauelezi yote. Marekani ndiko ilikokuwa mitambo mingi, na bado kaya zake nyingi zimeishi na kikomo. Hapo suala ni nani anamiliki waya unaoingia nyumbani.

Nchini Ufaransa, kampuni kongwe ya simu ililazimishwa kuwakodisha washindani nyaya zake za shaba kwa bei iliyodhibitiwa. Mwaka 2002 kampuni ya Free ikaingia sokoni kwa euro 29.99 kwa mwezi, bila kikomo, na wengine wakalazimika kuifuata. Marekani ilichukua mkondo tofauti. Mwaka 2005 mamlaka ya mawasiliano, FCC, iliziondolea kampuni za simu wajibu wa kuwauzia washindani njia zao za intaneti ya DSL. Katika miji mingi mteja akabaki na kampuni moja ya kebo na moja ya simu.

Comcast, kampuni kubwa ya kebo nchini humo, iliweka kikomo cha GB 250 kwa mwezi mwaka 2008. Baada ya kukisimamisha mwaka 2012 na kufanya majaribio mbalimbali, mwaka 2016 ilieneza kikomo cha terabaiti moja, kikapanda hadi 1.2 mwaka 2020. Aliyezidisha alitozwa dola 10 kwa kila GB 50, mwisho dola 100 kwa mwezi. Mambo mawili yanafaa kuangaliwa. Kwanza, kikomo hicho hakikutekelezwa katika majimbo ya kaskazini mashariki, ambako Comcast inapambana na fiba ya Verizon. Mpango wa kukipeleka huko mwaka 2021 uliahirishwa na kisha kuachwa. Pili, Machi 2020, watu walipojifungia nyumbani kwa sababu ya korona na matumizi kupanda ghafla, kampuni ilisimamisha kikomo hadi mwisho wa Juni, na mtandao ukahimili.

Kikomo kinachoweza kuondolewa wakati mzigo umeongezeka hakikuwa kinalinda njia. Kilikuwa kinalinda mapato. Juni 2025, baada ya robo kadhaa za kupoteza wateja wa intaneti, Comcast ilitangaza vifurushi vipya visivyo na kikomo.

Kanada ilikabiliana na suala hilo hadharani. Mapema mwaka 2011 mamlaka yake, CRTC, iliruhusu kampuni kubwa kuwatoza kwa gigabaiti wauzaji wadogo waliokodi nyaya zao. Zaidi ya watu 400,000 walitia saini kupinga. Novemba mwaka huo mamlaka ikabadili msimamo na kuidhinisha, pamoja na mengine, mfumo wa kulipia upana wa njia badala ya uzito wa mzigo. Kwa muuzaji mdogo hiyo ilikuwa tofauti kati ya kubaki sokoni na kufunga milango.

Saa mbili jioni

Sababu ya tatu ni idadi ya wanaogawana njia moja kwa wakati mmoja. Kenya imelionyesha jambo hilo waziwazi. Starlink, inayotumia satelaiti zilizo chini zaidi, kwenye kilomita 550 hivi, ilianza kuuza huduma nchini humo Julai 2023. Mwaka uliofuata ilitoa kifurushi cha GB 50 kwa shilingi 1,300 za Kenya kwa mwezi, na wateja wakamiminika. Novemba 2024 ikasimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na maeneo jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Ilifungua tena Juni 2025. Satelaiti ina upana maalumu kwa kila eneo, na kaya zilizobanana katika eneo hilo hugawana upana huo huo. Kikomo cha namna hii kina sababu ya kiufundi.

Upande wa pili, Safaricom, ambayo Julai 2024 iliiandikia mamlaka kutaka kampuni za satelaiti za nje zifanye kazi kupitia wenye leseni wa ndani, iliongeza kasi ya fiba yake ya nyumbani Septemba mwaka huo. Kifurushi cha megabiti 10 kilipandishwa hadi 15, na cha 40 hadi 80, huku bei ya mwezi ikibaki pale pale. Mteja alipata zaidi kwa fedha ile ile. Mwenye hisa alipata somo kwamba fiba ilikuwa na nafasi ya ziada iliyokuwa ikisubiri mshindani.

Nini cha kupima

Kwa mfanyabiashara anayenunua huduma kwa ajili ya duka au ofisi, swali la kwanza lisiwe GB ngapi. Aulize kikomo kikifika kinatokea nini: huduma inakatwa, inapunguzwa kasi, au anatozwa zaidi. Aulize pia kasi ya saa mbili jioni, siyo ya saa nne asubuhi, na kama mtoa huduma ana zaidi ya mkongo mmoja. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, Tanzania na Kenya zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika, na bei nafuu haikumfaa mtu asiyeweza kupokea malipo.

Kwa mwekezaji mdogo, hesabu ni tofauti kidogo. Kampuni inayopata faida kwa kuwa imejenga njia pana na inaijaza ina biashara. Kampuni inayopata faida kwa kuwa mteja hana pa kwenda ina muda tu, na muda huo huisha siku mkongo mpya unapofika pwani, mamlaka inapobadili kanuni, au jirani anapofunga dishi juu ya bati. Taarifa za mwaka hutaja idadi ya wateja na mapato kwa mteja. Zisomwe sambamba na orodha ya vifurushi: pale kasi inapopanda na bei isisogee, ushindani umeshafika mlangoni, na faida ya mwaka jana isichukuliwe kuwa ahadi ya mwaka ujao.