Bei ya Simu na Mapenzi ya Chapa

Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho wengi wenu mnacho mfukoni sasa hivi, yaani simu janja. Hatutasema namna ya kuitumia. Tutatazama bei yake, na sababu inayomfanya mtu anung'unike kwa bei hiyo, kisha arudi dukani kununua simu ya chapa ile ile.

Tuanze na neno lenyewe. Chapa ni nini? Mfugaji humpiga ng'ombe wake chapa kwa chuma cha moto ili ajulikane ni wa nani. Wenye viwanda nao hutia chapa juu ya sabuni, baiskeli na simu, ili tujue zimetoka kwa nani. Kupenda chapa fulani si ujinga. Mama anayenunua unga wa chapa moja kila wiki ameujaribu, naye ameuona mzuri. Chapa humwokolea muda. Tena unga ukiharibika, wiki ijayo atachukua mwingine, na hakuna wa kumzuia.

Lakini simu si unga. Simu hununuliwa mara moja katika miaka kadhaa. Ndani yake mnaweka picha za watoto, barua za ndugu, majina ya watu na njia ya kupokea fedha. Mkitaka kuhamia chapa nyingine, lazima mhamishe nyumba nzima. Wakati mwingine hata chaja ya zamani haiingii katika simu mpya. Muuza simu anajua taabu hiyo. Anajua kwamba mteja wake atavumilia bei kidogo kuliko kuhama. Hapo ndipo twaweza kusema kwamba aliyepigwa chapa si simu tena, bali mnunuzi.

WATEJA WALIPOKASIRIKA

Sasa tutazame mfano wa Marekani, kwa kampuni ya Apple inayotengeneza simu za iPhone. Simu ya kwanza ya aina hiyo ilianza kuuzwa mwezi wa Juni mwaka 2007. Ile kubwa iliuzwa dola 599. Watu walipanga foleni usiku kucha ili wawe wa kwanza kuipata. Ilipofika Septemba mwaka ule ule, kampuni ikashusha bei mpaka dola 399. Fikirini! Walioipenda sana chapa, wakawahi kununua, ndio waliolipa dola 200 zaidi. Wakakasirika, wakaandika barua nyingi. Mkuu wa kampuni, Steve Jobs, aliwajibu kwa barua ya wazi. Aliahidi kuwapa wateja hao hati ya dola 100 ya kununulia vitu katika maduka ya kampuni.

Miaka ikapita, na bei ikaanza kupanda. Mwaka 2017 simu iitwayo iPhone X iliuzwa kuanzia dola 999. Mwaka 2018 ikatoka nyingine kubwa zaidi kwa dola 1,099. Watu walilalamika, na wengi walinunua.

Lakini kulikuwa na jambo lingine. Mwezi wa Desemba mwaka 2017 kampuni ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zikipunguza kasi ya simu za zamani ambazo betri zake zimechoka. Ilieleza kwamba shabaha yake ilikuwa kuzuia simu zisizimike ghafula. Wateja wengi hawakuridhika. Walisema, "Tulidhani simu imezeeka, tukanunua mpya, kumbe ilihitaji betri tu!" Kampuni ikapunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 mpaka dola 29 kwa mwaka 2018.

Je, matokeo yalikuwa nini? Tarehe 2 Januari mwaka 2019 mkuu wa kampuni wakati huo, Tim Cook, aliandika kwamba mapato yatakuwa madogo kuliko walivyotazamia. Sababu kubwa aliyoitaja ni biashara kupungua nchini China. Lakini alitaja pia kwamba watu wengine walibadilisha betri kwa bei nafuu badala ya kununua simu mpya. Mwezi wa Septemba mwaka huo, iPhone 11 ilitoka kwa dola 699, wakati simu ya namna hiyo ya mwaka uliotangulia ilikuwa imeanza kwa dola 749.

Tazameni vizuri jambo hili. Manung'uniko peke yake hayakushusha bei kati ya mwaka 2017 na 2018, kwa sababu watu walinung'unika huku wakilipa. Muuzaji husikia zaidi pale mteja anapokaa na simu yake ya zamani mwaka mmoja zaidi.

HAKUNA CHAPA YA MILELE

Labda mtauliza, je, mapenzi ya chapa yaweza kuisha? Yaweza sana. Wakubwa miongoni mwenu mnaikumbuka Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003. Ilikuwa na tochi, ilikaa na chaji siku nyingi, na duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 200. Kwa watu wengi, kusema "Nokia" kulikuwa sawa na kusema "simu". Hata hivyo, simu janja za kugusa kioo zilipoenea, wateja walihama. Mwaka 2014 Nokia iliuza kazi yake ya simu za mkononi kwa kampuni ya Microsoft.

Na hapa Afrika, wengi walihamia wapi? Walihamia kwa chapa kama Tecno, itel na Infinix, ambazo zote ni za kampuni moja ya China iitwayo Transsion. Kampuni hiyo iliwapa watu walichohitaji: nafasi ya laini mbili, betri ya kudumu, na bei wanayoimudu. Basi kumbukeni: mteja hakufunga ndoa na chapa. Anaishika inapomfaa, na anaweza kuiacha isipomfaa.

KWA NINI BEI HUPANDA?

Tuwe wa haki. Si kila bei inayopanda ni ulafi wa muuzaji. Kamera nzuri na kioo kizuri hugharimu fedha. Mwaka 2025 bei ya kumbukumbu, yaani kile kipande kinachohifadhi mambo ndani ya simu, ilipanda sana, kwa sababu mitambo ya akili bandia ilihitaji vipande hivyo kwa wingi. Tena simu nyingi zatoka nje. Shilingi ikidhoofika mbele ya dola, bei hupanda. Kodi ikiongezwa, bei hupanda. Mambo hayo mteja hawezi kuyazuia dukani.

Lakini liko jambo analoliweza, nalo ni hesabu. Wazee wanasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Chukueni daftari.

HESABU YA KWANZA. Tuseme simu ya Juma ni shilingi 300,000, nayo inadumu miezi 20. Gawanyeni: ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Simu ya Asha ni shilingi 720,000, nayo inadumu miezi 60. Gawanyeni: ni shilingi 12,000 kwa mwezi. Ya Asha iliyoonekana ghali imekuwa nafuu. Lakini Asha akivutwa na matangazo, akaiacha baada ya miezi 24 bila kuiuza, atakuwa amelipa shilingi 30,000 kwa mwezi, mara mbili ya Juma! Kipya kinyemi ingawa kidonda. Basi msiulize bei tu. Ulizeni pia simu itadumu muda gani.

HESABU YA PILI. Siku hizi simu nyingi huuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Tuseme simu ile ya shilingi 300,000 inatolewa kwa malipo ya kwanza ya shilingi 60,000, kisha shilingi 1,000 kila siku kwa siku 365. Shilingi 1,000 yaonekana si kitu. Lakini jumlisheni: 60,000 na 365,000 ni 425,000. Mmeongeza shilingi 125,000 juu ya bei ya taslimu. Tena simu nyingine za mkopo hufungwa malipo yakikatika, na mwenye simu asiweze kuitumia mpaka alipe. Kwa mtu anayepokea wateja wake kwa simu, siku moja ya simu kufungwa ni siku moja ya njaa. Mkopo waweza kumfaa mtu, lakini na ajue jumla yake kabla ya kuweka sahihi.

MASWALI YA KUULIZA DUKANI

Kabla ya kutoa fedha, mwulizeni muuzaji mambo manne.

Moja: jumla nitakayolipa, mpaka shilingi ya mwisho, ni ngapi?

Mbili: simu hii itasasishwa kwa miaka mingapi? Simu isiyosasishwa huwa wazi kwa wezi wa fedha, na baadhi ya programu hukataa kufanya kazi ndani yake. Kampuni zinatofautiana. Mwezi wa Januari mwaka 2024, kwa mfano, Samsung iliahidi miaka 7 kwa simu zake za Galaxy S24, lakini simu nyingi za bei ya chini hupewa miaka michache.

Tatu: betri ikichoka, nitaibadilisha wapi na kwa bei gani?

Nne: chaja yake ni ya aina gani? Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Desemba 2024, sheria inataka simu mpya zinazochajiwa kwa waya zitumie tundu la aina moja, USB-C. Shabaha yake ni kwamba anayebadilisha chapa asilazimike kutupa chaja yake.

Muuzaji akijibu vizuri, na hesabu ikikubali, nunueni chapa mliyoizoea kwa moyo mkunjufu. Asipojibu, mnayo miguu. Duka la pili haliko mbali. Kwaherini, mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Chapa: alama ya mtengenezaji au mwenye mali.
Taslimu: fedha zinazolipwa zote mara moja.
Kusasisha: kuipa simu programu mpya ili iende na wakati.
Hati: karatasi yenye thamani au ushahidi.

KAZI YA DARASA

1. Kwa nini ni rahisi kuacha chapa ya unga kuliko chapa ya simu?
2. Ni jambo gani liliwafanya wateja wengine wa Marekani wasinunue simu mpya mwaka 2018?
3. Simu yako ulinunua kwa shilingi ngapi, na umekaa nayo miezi mingapi? Gawanya, kisha mwonyeshe jirani yako jibu.