Kustaafu mapema huanzia kwenye matumizi

TANGU Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mji uliochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, watumishi wengi wamehamia huko. Wengi hupanga nyumba, hukopa gari, kisha huhesabu miaka iliyobaki kufikia 60, umri wa kustaafu kwa lazima.

Wachache hujiuliza kama inawezekana kuacha ajira mapema, hata kabla ya miaka 55 ya kustaafu kwa hiari. Inawezekana, lakini hesabu yake huanzia kwenye matumizi, siyo kwenye mshahara.

Chukulia mtumishi wa miaka 40 anayetumia Sh700,000 kwa mwezi na kutaka kuacha kazi akiwa na miaka 50. Hata kama ametimiza miezi 180 ya kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, pensheni ya uzee haitaanza kabla ya miaka 55. Miaka mitano hiyo ya kusubiri inahitaji Sh42 milioni kwa bei za leo.

Akibana matumizi hadi Sh500,000, mahitaji hayo yanashuka hadi Sh30 milioni. Wakati huohuo anabakiwa na Sh200,000 kila mwezi za kuweka akiba. Zikizalisha asilimia tisa kwa mwaka, baada ya miaka 10 zinazidi Sh36 milioni.

Hata hivyo, bei hazisimami. Zikipanda kwa asilimia nne kwa mwaka, mahitaji ya Sh500,000 yatafika takriban Sh740,000 baada ya miaka 10. Hivyo, kila mshahara unapopanda akiba nayo iongezwe, badala ya nyongeza yote kuishia kwenye simu mpya au mkopo mwingine.

Mkulima wa Bahi, Chamwino au Mpwapwa anaifahamu hesabu hii. Mvua za huko ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mavuno yake ndiyo chakula cha mwaka mzima. Mtama na uwele huhifadhiwa kwa sababu hiyo. Anayeuza karibu yote wakati wa mavuno hununua tena kwa bei ya juu njaa inapoanza kubisha hodi.

Mwenye mshahara naye anaweza kununua nafaka ya familia msimu wa mavuno, kwa mfano katika soko la Kibaigwa wilayani Kongwa, badala ya kununua kilo mojamoja dukani mwaka mzima. Lakini kodi ya nyumba na mkopo wa gari ndivyo hula sehemu kubwa zaidi, na hapo ndipo pa kuanzia.

Akiba isilale ndani. Hati fungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu huanzia Sh1 milioni na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Asiye na kiasi hicho anaweza kuanza na vipande vya UTT, ambayo ilianzisha Mfuko wa Umoja mwaka 2005, au na chama cha kuweka na kukopa kazini.

Kosa la kuepuka ni kumwaga akiba yote kwenye shamba la zabibu kwa kuwa huvunwa mara mbili kwa mwaka. Zabibu huhitaji nguzo, waya, maji na dawa, na zikiiva hazimsubiri mnunuzi. Aanze na eneo dogo akiwa bado ana mshahara.

Aidha, bima ya afya iingizwe kwenye hesabu, kwa kuwa mwajiri hatachangia tena.

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, mtumishi aishi mwaka mzima kwa kiasi alichopanga. Akishindwa akiwa na mshahara, bila mshahara itakuwa vigumu zaidi.